Farasi wa dola 80: historia ya vizuizi vya miti, mipira ya gari, na mtu aliyetoka vitani



Wakati wa Michezo ya Olimpiki ya Paris, mwaka wa 2024, nilikaa na watu wachache waliokimbia vita, tukatazama simu moja wote. Picha zilitoka Versailles, kwenye bustani za wafalme wa zamani wa Ufaransa. Farasi mmoja akaja mbio, akaruka boriti zenye rangi, akatua, akageuka, akaruka tena. Mzee mmoja wa Masisi, mfugaji wa ng'ombe tangu utoto wake, akaniuliza: “Papa, yule farasi anafukuzwa na nani?”

Watu walicheka, nami nikacheka. Lakini swali lilikuwa la haki. Sisi tunajua kuruka uzio wakati wa kukimbia risasi. Tena tukisikia neno kizuizi, wengi wetu tunawaza bariere ya barabarani, ile ya kutoa pesa ndipo upite. Hatukuzoea kuona kizuizi kinachojengwa kwa makusudi ili mnyama akiruke, na watu wapige makofi. Nilimwahidi mzee kwamba nitamtafutia jibu. Hili ndilo jibu, na ndani yake mna habari ya mtu aliyetoka vitani na farasi aliyekuwa anapelekwa kuchinjwa.

Mambo yalianzia kwenye uzio

Kwanza tuelewane: hapa Kongo farasi ni wachache sana. Sababu kubwa ni mbung'o, inzi anayeleta ugonjwa wa malale kwa watu na nagana kwa mifugo. Katika sehemu nyingi za nchi yetu farasi hakuweza kuishi. Ndiyo maana Wabeljiji, tangu wakati wa mfalme Léopold II, walijaribu hata kufundisha tembo kufanya kazi, kwanza Api, baadaye Gangala-na-Bodio, kule Uele. Huku kwetu kwenye milima mirefu ng'ombe walistawi, lakini farasi alibaki mnyama wa kuonekana mara chache.

Ulaya ilikuwa vingine. Huko farasi alilima, alibeba mizigo, alivuta mizinga ya vita. Lakini kwa karne nyingi hakukuwa na sababu kubwa ya kumfundisha kuruka, kwa sababu mashamba mengi yalikuwa wazi. Mambo yalibadilika Uingereza, hasa katika karne ya 18 na ya 19. Bunge la huko lilipitisha sheria nyingi za kuzungushia ardhi uzio. Ardhi ambayo wanakijiji walikuwa wanachungia pamoja ikagawanywa, ikawekewa ua wa miti, kuta za mawe na mitaro. Maskini wengi walipoteza mahali pa kuchungia, wakaenda kutafuta kazi mijini. Watu wa Masisi na Rutshuru, ambako habari za mashamba makubwa na wakulima wasio na ardhi zimekwaruzana miaka mingi, wataielewa habari hii upesi.

Matajiri nao walipenda kuwinda mbweha wakiwa juu ya farasi. Sasa mbweha alipita chini ya uzio, na mwindaji akabaki upande mwingine. Kwa hiyo farasi aliyeweza kuruka akawa na bei. Basi jibu la kwanza kwa mzee wangu ni hili: farasi hakufukuzwa na mtu. Yeye ndiye aliyekuwa anafukuza, na uzio ulimkuta njiani.

Kutoka hapo ukazaliwa mchezo. Mwaka wa 1868, mjini Dublin, Ireland, shirika la kifalme la kilimo na ufundi liliweka mashindano ya kuruka juu na kuruka mbali, ili wanunuzi waone ni farasi gani anafaa kwa uwindaji. Ilikuwa kama soko la ng'ombe, ambapo muuzaji anamtembeza mnyama wake mbele ya watu.

Mwaka wa 1900 mchezo ukaingia katika Olimpiki ya Paris. Hapo jina la Ubeljiji linatokea mara mbili. Aimé Haegeman alishinda mashindano ya kuruka vizuizi, akiwa juu ya farasi Benton II. Constant van Langhendonck alishinda kuruka mbali kwa mita 6.10, akiwa juu ya farasi Extra-Dry. Wasomaji wetu wasisahau kwamba mwaka huo huo nchi yetu ilikuwa mikononi mwa mfalme wa hao Wabeljiji, na watu wa Équateur na wa sehemu nyingine walikuwa wanalazimishwa kwa mjeledi na bunduki kuleta mpira wa porini. Dunia ilikuwa inautaka mpira kwa sababu ya magurudumu ya baiskeli na ya magari. Kumbukeni neno hilo mpira, tutakutana nalo tena.

Kwa miaka mingi mchezo huu ulibaki wa maafisa wa jeshi. Mmoja wao, Mwitaliano Federico Caprilli, aliyekufa mwaka wa 1907, alibadilisha namna ya kuruka. Kabla yake, mpanda farasi aliegemea nyuma wakati wa kuruka na kuvuta hatamu, akimwumiza mnyama mdomoni na mgongoni. Caprilli aliona kwamba farasi asiye na mtu anaruka vizuri bila kusaidiwa. Akafundisha mtu ainame mbele, afuate mwendo wa farasi, amwachie shingo. Leo wote wanaruka hivyo. Wanawake walingoja sana: ni mwaka wa 1956 tu waliporuhusiwa kushindana katika kuruka vizuizi kwenye Olimpiki.

Mholanzi na farasi wa kulima

Mwaka huo wa 1956 ndio unaotuleta kwa Harry de Leyer.

Huyu alizaliwa Uholanzi mwaka wa 1927. Wajerumani walipovamia nchi yake mwaka wa 1940 alikuwa mtoto wa miaka 12. Alikulia chini ya jeshi geni. Kijiji chake, Sint-Oedenrode, kilikuwa kwenye njia ambayo majeshi ya washirika yalipita kwa mapigano mwezi wa tisa mwaka wa 1944. Vita ilipokwisha, alioa, na mwaka wa 1950 yeye na mke wake Johanna walivuka bahari kwenda Marekani, bila mali ya maana. Alianza kwa kazi ya shamba la tumbaku. Lakini alichokijua vizuri kilikuwa farasi, na mwishowe akapata kazi ya kufundisha wasichana kupanda farasi katika shule moja ya Long Island, karibu na New York.

Mwezi wa pili mwaka wa 1956, wakati wa theluji, alienda kwenye mnada wa farasi wa New Holland, katika jimbo la Pennsylvania, kutafuta farasi wa bei ya chini kwa ajili ya wanafunzi. Alichelewa. Alipofika, wazuri walikuwa wamekwisha kuuzwa. Waliobaki walikuwa wamepakiwa kwenye lori la machinjio. Kati yao alimwona mmoja, mweupe wa kijivu, mchafu, mwenye alama za hatamu za kulimia kifuani, lakini mwenye macho matulivu. Akaomba ateremshwe. Bei ilikuwa dola 80.

Watoto wa Harry walipomwona wakampa jina la Snowman, maana yake mtu wa theluji. Alikuwa mpole kiasi kwamba mtoto asiyejua kitu aliweza kumpanda. Wasichana wa shule wakajifunza juu yake. Likizo ilipofika, shule ikafungwa, na Harry, aliyekuwa na watoto wa kulisha, akamwuza kwa daktari jirani kwa bei mara mbili ya ile aliyonunulia. Hakuna wa kumlaumu. Nani kati yetu hajauza kitu alichokipenda ili watoto wale?

Siku chache baadaye, asubuhi, Snowman alikuwa amesimama nyumbani kwa Harry. Alikuwa ameruka uzio wa daktari, akapita mashamba ya watu, akarudi. Akapelekwa tena kwa daktari. Uzio ukainuliwa. Akaruka, akarudi. Wakamfunga kwa kamba kwenye mpira mzito wa gari ili asiweze kuondoka. Akarudi nyumbani akiburuta ule mpira nyuma yake.

Hapo Harry akaelewa mambo mawili. Kwanza, huyu farasi amechagua nyumba yake. Pili, farasi wa kulima anayeruka uzio mrefu hivyo, bila mtu wa kumwelekeza, ana kipaji ambacho hakuna aliyekiona mnadani. Akamrudisha kwake, hakumwuza tena.

Alianza kumfundisha kwa kitu rahisi kuliko vyote: boriti zilizolazwa chini. Snowman akajikwaa. Miguu yake mizito iligonga kila boriti, kana kwamba hakuwa yeye aliyeruka uzio wa daktari. Lakini Harry alipoinua boriti juu, farasi akabadilika. Kizuizi kidogo hakukijali, kirefu alikiheshimu.

Mwezi wa kumi na moja mwaka wa 1958, katika jumba la Madison Square Garden mjini New York, farasi huyo wa dola 80 akashinda ubingwa wa taifa mbele ya farasi wa matajiri. Mwaka wa 1959 akashinda tena. Kulikuwa na waliotaka kumnunua kwa pesa nyingi sana, Harry akakataa. Nyumbani Snowman aliendelea kubeba watoto mgongoni na kuogelea nao baharini. Alistaafu mwaka wa 1962, akafa mwaka wa 1974. Harry mwenyewe aliishi mpaka mwaka wa 2021, akafa akiwa na miaka 93.

Kizuizi cha bei ndogo kinajengwaje?

Kwenye mashindano makubwa, kizuizi kimoja kinaweza kuwa kazi ya mafundi wengi, chenye maua na picha. Lakini mahali pa mazoezi, dunia nzima, watu wa kipato kidogo wanajijengea wenyewe, kwa miti na kwa vitu vilivyotupwa. Mzee wangu wa Masisi, ambaye amejenga uzio wa miti ya mikaratusi maisha yake yote, aliisikiliza sehemu hii kuliko nyingine. Nawaelezeni kama nilivyomweleza.

Unahitaji nguzo mbili, kila moja yenye kimo kama mita 1.5, zilizopigiliwa miguu minne chini ili zisianguke. Nguzo hutobolewa matundu kwa mpangilio, moja juu ya jingine, kila baada ya sentimita 7 au 8. Katika tundu unaingiza pini inayobeba kishikio chenye umbo la nusu bakuli. Juu ya vishikio viwili unalaza boriti ya mviringo, yenye urefu wa mita 3 au zaidi kidogo na unene wa sentimita 10 hivi. Ukitaka kuinua au kushusha, unahamisha pini. Basi, kizuizi kimekwisha.

Sheria ya kwanza ni hii, na hapa mzee alitikisa kichwa kwa mshangao: boriti isipigiliwe misumari hata siku moja. Inalazwa tu, ili farasi akiigonga ianguke. Uzio wa ng'ombe tunaujenga usianguke, kizuizi cha farasi kinajengwa kianguke. Farasi ana uzito wa kilo 500 na zaidi. Mti usiposogea, mguu wake ndio utakaovunjika, na mtu aliye juu atatupwa shingo mbele.

Sheria ya pili inahusu macho ya farasi. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, na kitu kilicho karibu sana chini ya pua yake hakioni. Anapima urefu wa kizuizi akiwa bado mbali, kwa kutazama mstari wa chini. Kwa hiyo unaweka boriti nyingine ardhini, chini ya kizuizi au mbele yake kidogo, upande anaotokea. Ukiiweka nyuma ya kizuizi unamdanganya: atakaribia mno, ataruka kwa kuchelewa, atagonga. Rangi nazo zina kazi. Farasi haoni rangi zote kama sisi. Bluu na njano anazitofautisha, nyekundu inampotea kwenye majani. Ndiyo maana boriti hupakwa rangi mbili kwa vipande, nyeupe na nyingine, zionekane vizuri.

Sheria ya tatu ni hesabu ya hatua. Hatua moja ya farasi anayekimbia mbio za wastani ni kama mita 3.6. Ukiweka vizuizi viwili vidogo na kutaka apige hatua moja katikati, unaacha kama mita 7.2: nusu ya hatua ya kutua, hatua nzima, na nusu ya hatua ya kuruka tena. Ukikosea nafasi hiyo unamweka farasi katika shida ambayo hawezi kuitatua. Farasi mdogo naye anapunguziwa.

Halafu kuna vitu vya kuokota. Mipira ya gari iliyochakaa ndiyo kizuizi cha maskini kinachopendwa kuliko vyote: unaipanga imesimama, unapitisha boriti katikati yake, nayo haiumizi mguu. Mapipa ya plastiki yanalazwa na kuzuiliwa kwa vipande vya mti yasibingirike. Marobota ya majani makavu yanafaa. Mlango wa zamani, ukikwanguliwa misumari na kupakwa rangi, unakuwa ukuta. Visivyofaa ni waya, mabati, mapipa ya chuma yenye kutu na kingo kali, na mabomba membamba ya plastiki ambayo yakivunjika yanatoa ncha kama visu.

Sasa mnaona neno mpira limerudi. Kitu kile ambacho babu zetu walilazimishwa kukitafuta porini, na mikono ya wengi ikakatwa kwa ajili yake, leo kinatupwa kando ya barabara, na mtu asiye na pesa anakiokota kujengea. Sisi tunavaa viatu vilivyokatwa kwenye mpira huo. Tunauvika kwenye magurudumu ya chukudu, gari letu la mti ambalo hakuna kiwanda kililotuundia. Fundi wa chukudu wa Goma na mkulima wa Ulaya anayejijengea kizuizi hawajuani, lakini wakikaa pamoja hawatahitaji mkalimani.

Jibu la mzee

Nilipomaliza, mzee alinyamaza kidogo. Nilidhani atasifu ushindi wa New York. Hakuugusa. Aliniuliza tena habari ya kamba na mpira wa gari: farasi aliuburuta umbali gani? Nikamwambia: kutoka shamba la jirani mpaka nyumbani.

Akasema: “Ng'ombe naye ni hivyo. Nilimwuza mmoja Sake, akarudi peke yake, siku ya pili nikamkuta mlangoni. Nilirudisha pesa za mwenyewe.” Kisha akasema: “Sasa wale walionyang'anywa wakati tunakimbia, pengine kuna aliyeruka uzio wa waliomchukua, akarudi. Lakini nyumbani hakuna mtu. Atasimama mlangoni, ataona hakuna mtu.”

Sikuwa na jibu la kumpa, na hapa pia sina. Tunajua tu kwamba Snowman alirudi kwa sababu Harry alikuwapo. Mtu aliyepoteza miaka yake ya utoto chini ya vita alikuwa amepata mahali pa kukaa pasipo na wa kumfukuza, akawa na lango ambalo mnyama angeweza kulirudia. Wanaozungumzia amani ya Kivu katika hoteli za mbali wakumbuke kwamba wafugaji na wakulima waliokimbia wanaomba kitu hicho hicho: kuwapo kwenye lango lao.

Kesho yake nilipopita tena, niliwakuta watoto wamesimamisha vidumu viwili vya maji na kulaza kijiti juu yake, wanaruka mmoja mmoja. Mzee alikuwa amekaa pembeni kwenye jiwe. Mtoto mmoja alikuwa amefunga kijiti kwa kamba kisianguke. Mzee akamwita: “Fungua hiyo kamba, mtoto wangu. Mti uache uanguke, wewe usianguke.”

Mtoto akafungua, wakaendelea kuruka.